Droni Juu ya Dari Yetu Mkomani: Tufanyeje?

SWALI: Assalam alaykum. Mimi ni mama wa nyumbani, nakaa Mkomani, Lamu, kwenye nyumba ya mawe tuliyoachiwa na wazee wetu. Wiki iliyopita tulikuwa na harusi ya binti ya dada yangu. Simu za wageni zote zilikusanywa mlangoni, wanawake tukapanda darini, buibui tumevua, vugo linapigwa. Alasiri hiyo ikaja droni, ikasimama juu yetu, ikashuka, ikazunguka upande mmoja, kisha ikaondoka kuelekea pwani. Tangu hapo imerudi asubuhi mbili wasichana wakiwa wanaanika nguo. Mdogo wangu ameapa ataipiga kwa manati. Mume wangu asema hewa ni ya serikali na hatuna la kufanya. Nani kati yao ana haki? Na ikiwa hiyo video ya harusi itatokea mtandaoni, tutamshika nani?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Poleni, na Mungu awabariki maarusi. Kazi yangu ni kurusha droni kwa leseni. Napima viwanja na mashamba, napiga picha za mikoko, na nafundisha vijana wanaotaka kuingia kazi hii. Nakujibu kama mtu anayeshika rimoti mwenyewe, na nasema wazi kwamba mliyotendewa hayana utetezi, wala kwa sheria wala kwa ustaarabu wa kazi yetu.

Nianze na mdogo wako, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu zaidi kuiharibu kesi yenu. Mwambie aiweke manati. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayeharibu mali ya mwingine kwa makusudi na bila haki, na droni ni mali. Siku atakayoiangusha, mtageuka: mliokuwa walalamikaji mtakuwa washitakiwa, na yule aliyewachungulia atakwenda kituoni akiwa na risiti ya kifaa chake mkononi. Halafu kuna hatari yenyewe. Droni ndogo ya watalii ina uzito wa karibu gramu 250, na zile kubwa zaidi wanazopenda wapiga picha za harusi na hoteli hukaribia kilo 1. Ikianguka kutoka mita 40 haichagui kichwa cha kuangukia. Betri yake ni ya lithiamu, na ikipasuka au ikitobolewa inaweza kuwaka moto ambao ndoo moja ya maji haiuzimi. Wewe wajua ni nyumba ngapi hapo jirani zenye makuti juu.

Watu hupenda kunitajia kisa cha Kentucky, Marekani, mwaka 2015, ambapo baba mmoja aliiangusha droni kwa bunduki ikiwa juu ya uwanja wa nyumba yake, akakamatwa, kisha hakimu akaifuta kesi. Ni kweli yalitokea. Lakini huyo alikuwa hakimu mmoja wa eneo moja, na mamlaka ya anga ya huko huko inaihesabu droni kuwa ni ndege, na kuishambulia ndege ni kosa kubwa la jinai kwao. Hukumu ile haimlindi mtu wa Mkomani. Na mlio wa bunduki Lamu, baada ya yote ambayo kaunti hii imepitia, ni jambo ambalo hata sihitaji kulieleza.

Wengine huuliza kuhusu vifaa vya kukata mawasiliano ya droni, vile vinavyouzwa mtandaoni. Msinunue. Kuvuruga mawimbi ya redio bila idhini ni kosa kwa sheria za mawasiliano, na nyinyi mko ng'ambo tu ya uwanja wa ndege wa Manda, ambako marubani wanategemea mawimbi hayo kutua salama.

Sasa mume wako. Ana sehemu ya haki, lakini anaishia mapema mno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inapoeleza maana ya ardhi inaitaja na anga iliyo juu yake. Hiyo haina maana kwamba unaweza kuidai ndege ya abiria inayopita kwenda Manda. Mahakama za duniani zimelipima jambo hili zamani. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya mfugaji wa kuku wa North Carolina ambaye ndege za kijeshi zilikuwa zikipita chini sana juu ya boma lake, futi 83 tu, hata kuku wakawa wanajirusha ukutani kwa hofu na kufa. Mahakama ikasema ile nadharia ya kale kwamba mwenye ardhi anamiliki mpaka mbinguni haina nafasi tena, lakini hewa ya chini, ile anayoihitaji ili aitumie ardhi yake, ni yake, na akastahili fidia.

Uingereza, miaka ya 1970, bwana mmoja aliishitaki kampuni iliyopiga picha ya nyumba yake kutoka kwenye ndege. Alishindwa, kwa sababu ndege ilipita mara moja, juu, ikapiga picha moja. Hata hivyo jaji alitoa angalizo ambalo kwenu ni la thamani kuliko hukumu yenyewe: kama mtu angekuwa akiangaliwa kutoka juu mara kwa mara na kila afanyalo nyumbani kwake likipigwa picha, mahakama ingeweza kumpa nafuu. Sheria yetu ya madai imekua kutoka kwenye shina hilo la Kiingereza, na mawakili wetu huzitumia kesi kama hizo. Kwa hiyo vipimo viwili ndivyo vitakavyoamua: ilishuka kiasi gani, na ilirudi mara ngapi. Kwenu ilishuka, na imerudi.

Lakini kabla ya kufika mahakamani kuna kanuni za droni zenyewe, na hapa ndipo mrushaji wenu amekwama zaidi. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani ndani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Droni haiingizwi nchini bila kibali. Lazima isajiliwe. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuimiliki. Hata ile kazi ya hatari ndogo kabisa haivuki futi 400 kwenda juu, yaani karibu mita 120, na lazima ikae angalau mita 50 pembeni mwa watu, majengo na mali zisizo zake mrushaji. Hebu fikiria nyumba za Mkomani zilivyobanana, punda wawili hawapishani vizuri uchochoroni. Mita 50 kutoka nyumba yoyote hapo haipatikani. Atakayerusha juu ya mji bila idhini maalumu amevunja kanuni tangu dakika ya kwanza, kabla hatujafika kwenye kamera.

Kuna na la uwanja wa ndege. Kanuni zinazuia droni karibu na viwanja bila ruhusa, na umbali hutegemea ukubwa wa uwanja: kilomita 10 kwa vikubwa, 7 kwa vidogo. Chukua hata hicho kipimo kidogo. Mkomani, Langoni na Shela, zote zimo ndani yake ukipima kutoka Manda. Na msomaji wa Malindi asijione yuko salama au huru, kwani uwanja wao uko pembezoni mwa mji, hesabu ni ile ile. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mrushaji liwe fupi: kibali cha kuruka hapa kiko wapi? Wengi wa wanaokuja na droni kwenye begi la likizo hawana.

Juu ya hayo, kanuni hizo hizo zinakataza kuitumia droni kumchunguza mtu bila ridhaa yake, au nyumba ya mtu binafsi bila ridhaa ya mwenyewe. Hilo ndilo shitaka lenu kuu. Na nyuma yake kuna kifungu cha 31 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya faragha yake na ya nyumba yake.

Sasa nataka nitulie kidogo kwenye jambo ambalo watu wa Nairobi hawalioni hata ukiwachorea, na ambalo msipolieleza vizuri mtapoteza kesi iliyo nyoofu. Mrushaji atajitetea hivi: walikuwa nje, juu ya paa, mahali pa wazi, mtu yeyote angeweza kuwaona. Utetezi huo unaingia vizuri kichwani mwa mtu aliyezoea nyumba za bara, ambako madirisha yanatazama barabara na paa la mabati halikaliwi na mtu. Nyumba ya Lamu imejengwa kinyume. Mgeni wa kiume huishia dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Mlango unaingia kwa kupinda, ili anayepita njiani asione ndani. Ukuta wa njiani hauna madirisha ya kuchungulia. Mwanga na upepo vinaingia kwa juu, kwenye kiwanda, ule ua wa katikati ulio wazi, na darini. Yaani upande pekee uliobakishwa wazi ni ule ambao kwa miaka mamia hakuna jicho la mtu lililoweza kufika. Huko juu ndiko ndani kabisa. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ya majengo hayo na maisha yanayoishi humo, na inauma kuona sifa ile ile ikiwaleta watu wenye kamera kuvunja kile ambacho majengo yalijengwa kukilinda.

Kwa hiyo ukiandikisha taarifa, usiandike "tulikuwa nje juu ya paa." Andika: "Tulikuwa ndani ya nyumba yetu, sehemu ya wanawake, ambayo haionekani kutoka njiani wala kutoka nyumba ya jirani. Wageni walikuwa wameacha simu mlangoni." Hiyo ya simu ni muhimu sana. Inaonyesha kwamba hakuna aliyeridhia kupigwa picha, na kwamba mlichukua hatua ya wazi kuzuia.

Je, ilikuwa ikiona nini hasa? Nakueleza kwa sababu hofu hukuza mambo, na wakati mwingine mrushaji huyapunguza mno. Kamera ya kawaida ya droni ya utalii ina lenzi pana. Ikiwa juu mita 120 ikitazama chini, huchukua eneo la upana wa karibu mita 180. Video yenyewe, hata ile ya 4K, ina nukta 3840 kwa upana. Gawanya, utaona kila nukta inafunika karibu sentimita 5 za ardhi. Uso wa mtu unapata nukta tatu hivi, na kwa nukta tatu hata mama hamtambui mwanawe. Ikishuka mpaka mita 15, kila nukta inafunika nusu sentimita na ushei, uso unapata nukta 25 au zaidi, na hapo mtu anatambulika. Tena kamera iliyo juu ya utosi huona nywele tu. Mrushaji anayetaka sura hushuka na kujisogeza ubavuni. Ndiyo maana nilipoyasoma maneno yako, "ikashuka, ikazunguka upande mmoja," nilijua hakuwa akipiga picha ya mandhari. Sentensi hiyo iingie kwenye taarifa yako kama ulivyoiandika. Tahadhari moja: zipo droni zenye lenzi ya kuvuta, na hizo zinaweza kupata sura ya mtu hata zikiwa mbali, kwa hiyo "ilikuwa juu sana" si jibu la kutosha.

Utajuaje ilikuwa umbali gani? Tumia kidole chako kidogo. Unyooshe mkono mbele kabisa. Kidole hicho kina upana wa karibu mara mbili ya mwezi mpevu unavyoonekana angani. Droni nyingi za watalii, zikikunjuliwa na mapanga yake yakizunguka, zina upana wa sentimita 35 hivi. Ikionekana kuwa nusu ya upana wa kidole, yaani sawa na mwezi, iko mita 35 hadi 40 kutoka kwako. Ikiwa robo ya kidole, iko karibu mita 75. Ikifika kama kidole kizima, iko chini ya mita 20. Si kipimo cha mahakamani peke yake, lakini shahidi anayesema "ilijaza nusu ya kidole changu kidogo" anaaminika kuliko anayesema "ilikuwa chini chini."

Tafuteni mtu, si chombo. Hapa ndipo Lamu ina nguvu ambayo Mombasa haina. Kanuni zinamtaka mrushaji aione droni yake kwa macho yake mwenyewe, na kijidude cha sentimita 35 hupotea machoni ukishavuka mita mia nne au tano. Kwa hiyo mtu wenu yuko karibu: darini kwa nyumba ya wageni, ufukweni, au ndani ya mashua iliyotia nanga. Betri humpa nusu saa hivi na mara nyingi chini ya hapo, na upepo huila haraka. Anarudi asubuhi kwa sababu wakati huo upepo haujachachamaa na mwanga ni mzuri, hasa kipindi cha kusi, na bahati mbaya ndio wakati wa kuanika nguo. Betri ikipungua, au mawasiliano yakikatika, droni nyingi hujipandisha na kurudi zenyewe kwa mstari ulionyooka mpaka pale ziliporukia. Ikiondoka, msiikimbize kwa macho tu. Mtu mmoja abaki juu aonyeshe uelekeo, vijana wawili washuke washike njia. Mkishajua imetua darini kwa nani, kazi kubwa imekwisha.

Wakimkuta, waende kwa adabu. Wasimshike, wasimnyang'anye rimoti, wasiguse simu yake. Wampe salamu, wamuulize jina, hoteli aliyofikia, na kibali. Wapige picha ya mahali na ya droni ikiwa chini, kama ina namba ya usajili waisome. Mara nyingi mambo huishia hapo hapo, kwa sababu mgeni wa watu hakujua alichokuwa akikiangalia, na akielezwa na mtu mzima aliyetulia hufuta video mbele yenu na kuomba radhi. Kama ndiye, mkubalie, lakini mwombe afute na kwenye sehemu ya vilivyofutwa na kwenye kadi ya ndani ya droni, si kwenye simu peke yake. Picha ya simu mara nyingi ni nakala dhaifu tu, ile halisi imo ndani ya chombo. Lakini ukiamua kushitaki, usimwambie afute chochote. Huo ndio ushahidi wako, na polisi wataukuta kwenye kadi ile ile.

Kwa upande wenu, rekodini droni inapokuja. Simu ianze kwenye ukuta wa nyumba yenu au alama inayojulikana, kisha ipande kwa chombo bila kukatisha, ili ionekane iko juu ya wapi. Saa, tarehe, uelekeo, majina ya waliokuwepo, yaandikwe siku hiyo hiyo. Zile asubuhi mbili ziandikwe leo, kabla kumbukumbu hazijachanganyika.

Baada ya hapo nenda kituo cha polisi cha Lamu, uandikishe, na usitoke bila namba ya OB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha matukio cha polisi. Bila namba hiyo, huna ulicholalamika. Mpitie na mzee wa mtaa au chifu, kwa kuwa atawajua wenye nyumba za wageni na neno lake linasikika. Andikeni pia kwa KCAA, na nakala kwa meneja wa uwanja wa Manda, mkitaja namba ya OB na kutaja wazi kwamba chombo kiliruka karibu na uwanja. Polisi wanaweza kulichukulia la faragha kama ugomvi wa majirani. La usalama wa ndege halichukuliwi hivyo. Msilipeleke kwa kadhi mkitarajia hukumu: mamlaka yake kikatiba yanaishia kwenye ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Akiwa mzee wa kusuluhisha, hilo ni jambo jingine, na linafaa.

Kuhusu video kutokea mtandaoni, mtamshika aliyeipiga na aliyeitangaza, na huenda ni watu wawili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni taarifa yake binafsi. Malalamiko yanapelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, bila wakili, na sheria inaitaka ofisi hiyo imalize ndani ya siku 90. Si ofisi ya maneno matupu. Septemba 2023 iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kutangaza sura za wateja wake bila ruhusa yao. Kama hoteli itaitumia harusi yenu kujitangaza, kesi yake inafanana na hizo. Na kama kulikuwa na watoto darini, taja hilo mwanzoni kabisa mwa malalamiko, maana ridhaa yao ni ya mzazi.

Ila ujue sheria hiyo inamsamehe mtu anayeshika taarifa kwa mambo yake ya nyumbani tu. Mtalii aliyebaki na video kwenye simu yake anaweza kujificha hapo. Akiiweka hadharani, ni vigumu aendelee kujificha. Na hata akijificha humo, kanuni za droni hazimwachi. Ikitokea mtandaoni, kwanza chukueni picha ya skrini yenye jina la akaunti, tarehe na anwani ya ukurasa, ndipo mripoti kwa mtandao wenyewe kwa kosa la faragha. Msiisambaze kwenye makundi ya familia mkiulizana "mmeiona?" Kila anayeituma anaieneza, hata akiwa na uchungu.

Niseme na la haki kwa wenzangu. Si kila droni juu ya Lamu ni ya mpelelezi wa nyumba. Zipo za kupima mikoko, za ramani, za kukagua ujenzi, na wenye vibali hutoa taarifa mtaani kabla ya kuruka. Zipo pia za vyombo vya usalama, hasa baada ya shambulio la kambi ya kijeshi ya Manda Bay la Januari 5, 2020, lakini hizo kwa kawaida ni ndege kubwa zinazoruka juu sana, hazisimami mita 20 juu ya kamba ya nguo. Anayewatisha kwa kusema "ni ya serikali, nyamazeni" aulizwe ni ya idara gani na afisa gani.

Kwa harusi ijayo, tandazeni turubai jepesi au kitambaa cha kivuli juu ya sehemu ya ngoma. Linaruhusu upepo na linaiacha kamera ikiona kitambaa tu. Sipendi kukushauri hivyo, kwa sababu nyinyi si wenye kosa, lakini bibi harusi hawezi kungoja siku 90. Wekeni pia mtu mmoja wa kuangalia juu, kama mlivyoweka wa kukusanya simu.

Kisha andikeni barua kwa hoteli na nyumba za wageni zote, Mkomani hadi Shela, mtaa mzima utie saini. Wenye hoteli wana sababu ya kusikiliza: biashara yao inategemea mapokezi ya mji. Iwe fupi, kama hivi: "Tunawaomba muwaarifu wageni wenu, wanapofika, kwamba kurusha droni juu ya mji wa Lamu bila idhini ya KCAA ni kinyume cha kanuni, na kwamba dari na viwanda vya nyumba zetu ni sehemu za ndani za familia. Droni itakayoonekana juu ya nyumba zetu tutairipoti polisi na KCAA, pamoja na jina la nyumba iliyorukia. Mgeni mwenye kibali anayetaka kupiga picha za mji tunamkaribisha apitie kwa mzee wa mtaa, apangiwe siku na mahali." Kila hoteli ipewe barua yake, na nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi na kuandikwa tarehe, kwa sababu mkifika mbele ya Kamishna au hakimu, meneja hataweza kusema hakujua.